Uzi: Kupanga muda wa kuchaji koili (dweli) kwenye kompyuta ya injini inayopangika. Tuanze na ampea, milisekunde zitafuata

Nyakato_Umeme (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kutoka Mwanza.

Nimeona niuanzishe uzi huu kwa sababu kuna swali linalorudi kila mara kwenye gereji za Nyakato na Igoma, na pia kwenye makundi yetu ya simu: "Dweli ya koili za 1NZ (injini ya Toyota) niweke ngapi?" Mmoja hutaja namba, muulizaji huiandika kwenye kompyuta yake, gari huwaka, na mjadala huishia hapo. Wiki kadhaa baadaye koili moja inaungua, au gari linaanza kumisi (kukosa mwako kwa vipindi) likipanda kilima cha Bugando likiwa limejaa watu, na lawama zote zinaelekezwa kwa koili au kwa kompyuta yenyewe. Maoni yangu ni kwamba namba ile haikuwa na maana tangu mwanzo, kwa kuwa aliyeitaja hakusema ni kwa volti ngapi, na wala hakusema koili inafikia ampea ngapi inapoachiwa.

Koili ya kuwashia ina misokoto miwili ya waya kwenye kiini kimoja cha chuma. Umeme wa betri unapoingia kwenye msokoto wa msingi, mkondo haupandi ghafla. Unapanda taratibu kadiri uga wa sumaku unavyojengeka ndani ya chuma. Transista inapoukata mkondo huo, uga unaporomoka na msokoto wa upili unatoa maelfu ya volti yanayoruka kwenye plagi. Muda kati ya kufungulia mkondo na kuukata ndio muda wa kuchaji. Nishati inayokusanywa ni nusu ya indaktansi (uwezo wa msokoto kujenga uga wa sumaku, hupimwa kwa henri) ya msokoto wa msingi ikizidishwa kwa mraba wa mkondo. Neno "mraba" hapo lina uzito mkubwa. Koili yenye milihenri 3 ikikatwa kwenye ampea 7.5 inakuwa na milijuli takriban 84, lakini ikikatwa kwenye ampea 6 inabaki na milijuli 54 tu. Umepunguza moja ya tano ya mkondo, umepoteza zaidi ya theluthi moja ya nishati.

Sasa tuangalie volti. Tuchukue koili ya mfano yenye milihenri 3 na ukinzani wa omu 0.6, na tuseme tunataka ifikie ampea 7.5 kila inapochajiwa. Nikiacha pembeni volti inayopotea kwenye transista, hesabu inatoa hivi: kwa volti 15 inahitaji milisekunde 1.8, kwa volti 13.5 inahitaji 2.0, kwa volti 12 inahitaji 2.35, kwa volti 10 inahitaji 3.0, kwa volti 9 inahitaji karibu 3.5, na kwa volti 8 inahitaji 4.1. Koili ni ile ile na cheche ni ile ile, ila muda umezidi maradufu kati ya gari linalotembea alternata ikiwa na afya na gari linalopigwa stata asubuhi kwa betri iliyochoka. Kwa hiyo mtu akikupa namba moja pekee amekupa nukta moja ya mstari mzima, na kwenye kompyuta yako unatakiwa kuujaza mstari huo wote.

Msidhani pia kwamba kugawanya volti kwa volti kunatosha. Kutoka 13.5 hadi 9 ni mara moja na nusu, na ukizidisha milisekunde 2.0 kwa 1.5 unapata 3.0, ilhali koili hii inahitaji karibu 3.5. Tofauti inatokana na ukinzani wa waya, kwani kadiri volti zinavyoshuka ndivyo ukinzani unavyozidi kuubana mkondo unapokaribia kilele. Transista nayo inachukua volti moja au zaidi ya hapo, na volti moja ikitoka kwenye tisa inaumiza zaidi kuliko ikitoka kwenye kumi na nne. Ndiyo maana gari lenye jedwali la kukisia linaweza kwenda vizuri kutwa nzima, kisha asubuhi likakataa kuwaka mpaka lisukumwe.

Upande wa kuzidisha nao una hatari yake. Kiini cha chuma kina kikomo cha sumaku kinachoweza kubeba. Kikishashiba, indaktansi inaanguka na mkondo unapaa kwa kasi bila kuongeza nishati ya maana. Kinachoongezeka ni joto. Hata kabla ya kushiba hali si nzuri. Kwenye koili yetu ya mfano, ukiongeza muda kutoka milisekunde 2 hadi 4 kwa volti 13.5, mkondo unafika ampea 12.4 na joto linalozalishwa kwenye waya wa msingi kwa kila cheche linakuwa takriban mara sita ya lile la awali. Hapo bado sijaihesabu transista, ambayo mara nyingi ndiyo inayotangulia kufa. Wale wanaosema "ongeza kidogo cheche iwe kali" naomba waitazame hesabu hiyo kwa makini, kwa sababu muda wameuongeza mara mbili na joto limeongezeka mara sita.

Kuna kikomo kingine kinachotokana na mwendo wa injini. Kwenye mizunguko 6000 kwa dakika, mzunguko mmoja wa krankshafti unachukua milisekunde 10. Injini yenye koili moja juu ya kila plagi, kama 1NZ-FE ya Probox na IST, inaitaka kila koili mara moja kwa mizunguko miwili, yaani kila baada ya milisekunde 20, hivyo nafasi ipo tele. Ukifunga koili moja kwa plagi mbili, nafasi ni milisekunde 10. Injini ya silinda nne yenye koili moja na distributa inayogawa cheche kwa plagi zote, kama 4A-FE za Corolla, ina milisekunde 5 tu, na humo humo cheche yenyewe inahitaji milisekunde moja hadi mbili za kuwaka kabla koili haijaanza kuchajiwa upya. Mtu akiweka dweli ya milisekunde 4.5 kwenye distributa kisha akalalamika kwamba gari linakosa nguvu juu, jibu analo mwenyewe.

Namna ya kupata namba sahihi, kwa mpangilio ninaouamini mimi, inaanza na takwimu za mtengenezaji wa koili kama zipo. Zisipokuwepo, na kama gari bado lina kompyuta yake ya awali, funga oskiloskopu (kifaa kinachochora volti kadiri muda unavyokwenda) kwenye waya wa ishara ya koili na usome muda ambao kiwanda kilichagua: injini ikiwa silensa (inazunguka bila kukanyagwa mafuta), ikiwa imekanyagwa mafuta, na ikipigwa stata. Waliobuni gari lile walizijua koili zao. Wengi wetu tunaing'oa kompyuta ya kiwandani haraka kabla ya kuchukua kipimo hiki, na tukishaing'oa tunakuwa tumepoteza mwongozo uliokuwa wa bure. Njia ya tatu ni kupima mkondo wenyewe kwa klampu ya ampea iliyounganishwa na oskiloskopu, na kutazama mstari unavyopanda. Mstari ukipanda kwa unyoofu kisha ukapinda kwenda juu ghafla, hapo ndipo chuma kinaposhiba, na unatakiwa kukata mapema kabla ya pindo hilo. Mstari ukipanda kisha ukalala, ama ukinzani umeubana mkondo, ama ignaita (kifaa chenye transista inayofungulia na kukata mkondo wa koili) ina kizuizi cha ndani, na kuendelea kuchaji baada ya hapo ni kuipasha moto ignaita bure.

Karibuni tujadili. Naomba kila atakayetaja milisekunde ataje na volti.

---

Igoma_Magari

Mkuu Nyakato, shukrani kwa uzi huu. Nina maswali mawili. Kwanza, nimejaribu kupima ukinzani wa koili za 1NZ kwa mita ya kawaida ili niweke kwenye hesabu yako, lakini mita haioneshi kitu cha kueleweka kwenye pini zozote kati ya zile nne. Je, koili zimekufa? Pili, klampu ya ampea inayofaa kwa oskiloskopu ni ghali na hapa mjini sijaiona. Je, kuna namna nyingine?

---

Nyakato_Umeme

Ndugu wa Igoma, koili zako huenda ni nzima kabisa. Koili ya Toyota ya pini nne ina ignaita ndani yake. Pini moja ni umeme wa betri, moja ni hasi, moja inapokea ishara ya kuchaji kutoka kwenye kompyuta (Toyota wanaiita IGT), na moja inarudisha taarifa kwamba koili imefanya kazi (IGF). Kati ya pini na msokoto wa msingi kuna transista, hivyo mita haiwezi kuufikia waya wenyewe. Koili ya pini mbili isiyo na ignaita ndiyo unayoweza kuipima moja kwa moja.

Kuhusu klampu, tumia kizuizi kidogo cha omu 0.1 chenye uwezo wa wati kadhaa, ukifunge kati ya waya wa hasi wa koili na hasi ya betri, kisha oskiloskopu isome volti juu ya kizuizi hicho. Kila ampea moja itaonekana kama volti 0.1, kwa hiyo ampea 7 zitaonekana kama volti 0.7. Fanya hivyo mezani, kwa muda mfupi, kisha ukitoe. Usikiache kwenye gari, kwa sababu kinainua hasi ya ignaita na kula sehemu ya volti za kuchajia. Zingatia pia kwamba kizuizi hiki kinaongeza ukinzani, hivyo muda utakaousoma utakuwa mrefu kidogo kuliko wa gari lenyewe.

Unapopima mezani, koili lazima iwe na plagi, na bodi ya plagi iwe imefungwa vizuri kwenye hasi. Koili inayolazimishwa kutoa cheche bila njia hutafuta njia ndani ya insulesheni yake, na ikishatoboka hairudi. Weka mbali makopo ya petroli na matambara yaliyolowa, na usiishike koili wakati programu ya majaribio inaendesha cheche. Volti zile zinafika makumi ya maelfu.

---

Mzee_wa_Pointi

Vijana, mimi nimeanza kazi hii enzi za Peugeot 504 na Volkswagen za mgongo wa kobe, tukipanga pointi (swichi ya ndani ya distributa inayokata mkondo wa koili) kwa filageji (vibati vya kupimia nafasi) na mita ya dweli. Sisi tulisoma digrii, hatukusoma milisekunde. Volkswagen ilikuwa digrii kama 50 na gari lilikwenda mpaka Musoma na kurudi bila tatizo. Kwa nini leo imekuwa kazi kubwa kiasi hiki? Na je, koili ya zamani ninaweza kuifunga kwenye kompyuta hizi?

---

Nyakato_Umeme

Shikamoo mzee wangu, na nashukuru kwa kuleta jambo hili, kwa sababu linafundisha zaidi ya nadharia.

Distributa ya silinda nne ina digrii 90 kwa kila silinda. Pointi zikikaa zimefunga kwa digrii 50, injini ikiwa silensa kwenye mizunguko 900, koili inachajiwa kwa milisekunde karibu 18.5. Injini hiyo hiyo ikifika mizunguko 6000, digrii zile zile 50 zinakuwa milisekunde 2.8 tu. Digrii hazibadiliki, muda unabadilika karibu mara saba. Koili ilipata muda mwingi mno chini na muda mdogo mno juu, na waliobuni mfumo ule walilijua hilo. Ndiyo sababu msokoto wa msingi wa koili nyingi za zamani ulikuwa na ukinzani wa takriban omu 3, au omu 1.5 pamoja na kizuizi cha nje, ili kwa volti 12 mkondo usivuke ampea 4 hata pointi zikikaa zimefunga muda wote huo. Ukinzani ndio uliokuwa mlinzi wa koili.

Koili ya kisasa haina mlinzi huyo. Ina omu chini ya moja ili ijae haraka, na kazi ya ulinzi imekabidhiwa kompyuta. Ukiipa milisekunde 18 za Volkswagen, itaungua.

Koili yako ya zamani inafungika, mzee, mradi upitishe ishara kwenye ignaita yenye transista inayofaa. Kwa kuwa inajaa polepole na inajilinda yenyewe, utaipa muda mrefu zaidi, na kwenye mizunguko ya juu nafasi itakosekana kama ilivyokosekana enzi zile. Kwa gari la kutembelea taratibu inatosha. Kwa injini inayokwenda mizunguko 7000 nisingeshauri, kwa sababu hapo milisekunde kati ya cheche na cheche ni 4.3 tu.

---

Kirumba_Boti

Wakuu, habari zenu. Sisi huku mwaloni Kirumba tunatumia mashine za boti za mipigo miwili. Kuna kijana ameniambia naweza kuongeza dweli ili mashine iwake haraka alfajiri. Inawezekana?

---

Nyakato_Umeme

Ndugu wa Kirumba, kwa mashine nyingi za mipigo miwili zinazotumika humu ziwani, jambo hilo halipo. Mashine hizo zinatumia mfumo wa CDI, ambamo nishati inahifadhiwa kwenye kapasita iliyochajiwa kwa mamia ya volti kutokana na sumaku za gurudumu, kisha inamwagwa kwa mkupuo mmoja kwenye koili. Koili hapo inapandisha volti tu, haihifadhi nishati, hivyo hakuna muda wa kuichaji unaopangwa. Mashine ikiwa nzito kuwaka alfajiri, kagua plagi, mafuta, hewa, na waya za sumaku zilizoliwa na unyevu. Mtu asikuuzie kifaa cha kuongeza dweli kwa mashine ya CDI.

---

Isamilo_Turbo

Mkuu, nimefunga Speeduino (kompyuta ya injini inayopangika) kwenye injini yenye turbo, na koili ni za Toyota za pini nne. Nina mambo matatu. Kwanza, nilisoma kwamba mwinuko wetu unadhoofisha cheche, je, niongeze dweli kwa sababu hiyo? Pili, gari linamisi upepo wa turbo ukipanda. Tatu, nikipima taimingi (wakati wa cheche) kwa taa, alama inakimbia mbele kadiri ninavyoongeza mizunguko, ingawa nimefunga taimingi isibadilike kwenye programu. Koili pia zinapata moto sana nikiwa silensa.

---

Nyakato_Umeme

Ndugu wa Isamilo, naomba nianze na jambo lako la tatu, na naomba usiliwashe gari mpaka ulisome jibu hili hadi mwisho.

Dalili mbili ulizozitaja, taimingi inayokimbia mbele na koili zinazochemka silensa, zikikutana pamoja karibu kila mara zinamaanisha kwamba mwelekeo wa ishara umewekwa kinyume. Koili ya Toyota ya aina hiyo inachaji wakati ishara iko juu na inatoa cheche ishara inaposhuka. Programu ikiwekwa kinyume, koili inachajiwa muda wote isipokuwa zile milisekunde chache ulizodhani ndizo za kuchaji, na cheche inatoka mwanzoni mwa kipindi cha dweli badala ya mwishoni. Kwenye mizunguko 800, milisekunde 2 ni digrii 9.6 za krankshafti. Kwenye mizunguko 6000 ni digrii 72. Ndiyo maana alama inakimbia. Injini yenye turbo ikipata cheche mapema kiasi hicho chini ya mzigo, pistoni hazitapona. Badilisha mpangilio huo kwanza, toa umeme kwenye koili unapofanya hivyo, kisha rudia kipimo cha taa. Alama ikitulia mahali pamoja kutoka silensa hadi mizunguko 4000, umepata.

Ukiwa hapo hapo, hakikisha umeme wa koili unapita kwenye relei inayowashwa pamoja na pampu ya mafuta. Kompyuta inapoanza kuamka, au ikipoteza umeme ghafla, waya za ishara zinaweza kukaa katika hali isiyojulikana kwa muda, na koili yenye umeme wa kudumu inaweza kujichaji wakati injini haizunguki. Relei inaondoa hatari hiyo. Weka pia kinga ya dweli iliyomo kwenye programu, lakini iache na nafasi juu ya muda mrefu zaidi unaouhitaji wakati wa kupiga stata, la sivyo kinga itakata cheche kabla ya wakati wake asubuhi betri ikiwa chini. Na kwa wengine wanaosoma: ishara ya Speeduino ni ya volti 5 yenye mkondo mdogo, haiwezi kuendesha koili tupu isiyo na ignaita. Ukiunganisha moja kwa moja unaua bodi.

Kuhusu mwinuko, ni kinyume cha ulivyosoma. Ziwa letu liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama kilopaskali 88, wakati Dar es Salaam ni kama 101. Hewa ikiwa nyepesi ndani ya silinda, volti inayohitajika kuruka nafasi ya plagi inapungua kidogo. Koili yenyewe haina habari na mwinuko; nishati yake inategemea mkondo pekee. Kwa hiyo usiongeze hata sehemu ya kumi ya milisekunde kwa sababu ya Mwanza.

Turbo ndiyo inayobadilisha hali. Ukiongeza kilopaskali 100 za upepo juu ya zile 88, hewa inayoingia ina shinikizo zaidi ya mara mbili, na volti inayohitajika inapanda nayo. Dawa ya kwanza ni nafasi ya plagi: ikiwa ni milimita 1.1 za kiwandani, ipunguze hadi 0.7 au 0.8 na ujaribu tena. Wengi wamemaliza tatizo kwa hatua hiyo pekee. Usiongeze dweli kabla ya kujua mkondo unafika wapi, kwa sababu ukikuta koili tayari iko karibu na kushiba, utaongeza moto na misi itabaki pale pale.

---

Igoma_Magari

Mkuu, nimepima. Nimetumia kizuizi cha omu 0.1 kama ulivyoelekeza, volti kwenye koili zikiwa 13.6. Mstari unapanda kwa unyoofu mpaka karibu ampea 8, kwenye milisekunde 2.5 hivi, kisha unapinda kwenda juu kwa ukali. Je, niweke 2.5? Na kwenye kupiga stata niweke ngapi? Kompyuta yangu inaonesha volti 12.9 injini ikiwa inazunguka, lakini mita kwenye betri inaonesha 13.9.

---

Nyakato_Umeme

Hongera sana, ndugu yangu. Kipimo hicho kina thamani kuliko namba zote zilizotajwa kwenye makundi yetu.

Usiweke 2.5, kwa kuwa hiyo ni kwenye ukingo wenyewe wa kushiba. Koili nne hazifanani kabisa, alternata nayo inaweza kupanda hadi 14.5, na wewe unataka nafasi ya usalama. Lenga ampea 6.5 hadi 7. Kwenye mchoro wako ampea 7 zinaangukia takriban milisekunde 2.1 au 2.2, na kwa kuwa kizuizi kilikuwa kinakula kidogo, chukua 2.1 kwa volti 13.6.

Kwa kupiga stata, usizidishe wala kugawanya. Rudia kipimo mezani ukitumia betri iliyopungua au chanzo cha umeme kinachopangika, kwenye volti 12, 10 na 9, kila mara ukisoma mstari unapofika ampea 7. Nukta hizo nne zinatosha kuchora jedwali, na kompyuta itajaza katikati. Kwa volti 9 natarajia utakuta kitu kati ya milisekunde 3.3 na 3.8, lakini mchoro wako ndio utakaoamua. Ukimaliza, rudia nukta ya 13.6 koili ikiwa na joto la kazi. Ukinzani wa shaba unaongezeka kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo koili iliyotoka nyuzi 25 kufika 100 ina ukinzani wa karibu asilimia 29 zaidi. Utaona ampea zimeshuka kidogo, labda nusu ampea, na hilo ni sawa. Usilifidie, maana koili ikiwa baridi ndipo utakapokuwa umezidisha.

Jambo lako la volti 12.9 dhidi ya 13.9 ndilo lililobaki, na ni zito. Kompyuta inachagua muda kutokana na volti inazozisoma yenyewe. Ikiwa waya wa umeme wa kompyuta unapoteza volti moja kamili lakini waya wa koili haupotezi, kompyuta itadhani betri iko chini na itazichaji koili muda mrefu kuliko inavyotakiwa, wakati wote, bila kukuonesha kosa lolote. Ikiwa waya wa koili nao unapoteza, basi huenda zinalingana kwa bahati, mpaka siku utakapobadilisha waya mmojawapo. Pima kwa mita kwenye soketi ya koili, injini ikizunguka na taa kubwa zikiwa zimewashwa, kisha pima kwenye soketi ya kompyuta. Angalia swichi ya ufunguo, kwani kwenye Probox zilizofanya kazi nyingi mawasiliano ya ndani ya swichi huwa yamechoka. Zipe koili waya mnene kutoka betri kupitia relei na fyuzi, ipe kompyuta waya wake safi, na urekebishe usomaji wa volti kwenye programu kama inaruhusu. Jedwali uliingize baada ya hapo.

Ukishaliingiza, jaribu likiwa na mzigo. Pandisha Bugando ukiwa na watu wanne kwa gia ya tatu, kisha nenda Usagara mpaka Kigongo ukikanyaga mafuta barabara ikiwa wazi, na urekodi volti na dweli kwenye kompyuta mpakato. Ukiona misi kwenye mzigo ilhali ampea ziko 7, kagua plagi na nafasi yake kabla ya kurudi kwenye jedwali. Weka picha za michoro yote minne hapa, pamoja na volti za kila mchoro, ili wenye koili kama zako wapate pa kuanzia.